Chati Haikuona Anavyodhoofika: Funzo la Layne Staley

Wapenzi wa roki ya Marekani ya miaka ya tisini hawachoki kubishana. Kati ya bendi nne kubwa za Seattle, yaani Nirvana, Pearl Jam, Soundgarden na Alice in Chains, ipi ilivuma kuliko zote, na ipi imeacha urithi wa kudumu? Hoja hazikosekani. Mashabiki wa Nirvana watakukumbusha kwamba Januari 1992 albamu ya Nevermind ilimng'oa Michael Jackson kileleni mwa chati ya Billboard. Wa Pearl Jam watakujibu kwamba albamu ya Ten, iliyotoka Agosti 1991, imeuza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake. Wa Soundgarden watataja Superunknown, iliyoingia kwenye chati moja kwa moja ikiwa namba moja mwaka 1994. Wa Alice in Chains nao watasema kwamba mwanzoni mwa mwaka huohuo, Jar of Flies, kazi fupi yenye nyimbo saba tu, ilishika namba moja wiki yake ya kwanza, na hakuna rekodi fupi ya aina hiyo iliyokuwa imewahi kufanya hivyo.

Mabishano haya ni matamu, na yeyote anayependa muziki anaweza kuyaendesha mpaka usiku wa manane. Lakini yana pengo kubwa. Tunapanga mauzo, tunapanga chati, tunapanga tuzo, kisha tunasahau kuuliza watu wenyewe walikuwa na hali gani. Kurt Cobain wa Nirvana alifariki Aprili 1994 akiwa na miaka 27. Layne Staley wa Alice in Chains alifariki Aprili 2002 akiwa na miaka 34. Chris Cornell wa Soundgarden alifariki Mei 2017 akiwa na miaka 52. Kati ya waimbaji wakuu wanne walioipa Seattle jina, aliyebaki hai ni Eddie Vedder wa Pearl Jam peke yake.

Nimechagua kisa cha Staley kwa sababu hakikutokea ghafla. Kilichukua zaidi ya miaka kumi, mbele ya macho ya watu, na dalili zilijitokeza moja baada ya nyingine. Tukizifuata kwa mpangilio, huenda tukajifunza kuziona zikitokea kwa mtu wetu wa karibu.

Onyo la kwanza lilitolewa kabla hata umaarufu haujafika. Machi 1990 alifariki Andrew Wood, mwimbaji wa bendi ya Mother Love Bone ya hapohapo Seattle, baada ya kuzidisha heroini. Alikuwa na miaka 24, na albamu ya kwanza ya bendi yake ilikuwa bado haijatoka. Wanamuziki wa mji ule walikuwa wakifahamiana kwa karibu. Chris Cornell, aliyewahi kuishi naye nyumba moja, alimtungia nyimbo za maombolezo zilizozaa albamu ya Temple of the Dog. Wenzake Wood wawili katika Mother Love Bone, Stone Gossard na Jeff Ament, ndio walioanzisha Pearl Jam. Kwa hiyo Alice in Chains walipotoa albamu yao ya kwanza, Facelift, Agosti mwaka huo, hakuna mwanamuziki wa Seattle ambaye hakujua unga, yaani heroini, unaweza kufanya nini. Walikwisha kuzika.

Onyo la pili aliliimba Staley mwenyewe. Albamu ya Dirt ilitoka Septemba 1992, na sehemu yake kubwa inazungumzia uraibu waziwazi: utumwa wake, uchafu wake, hofu ya kufa. Haikuwa lugha ya mafumbo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu maradhi yake hakuyaficha. Aliyaimba kwa sauti kubwa, na watu wakanunua nakala kwa mamilioni. Baadaye, katika mahojiano ya mwaka 1996, alieleza jambo lililomuumiza: mashabiki walikuwa wakimfuata, wakimwinulia kidole gumba na kumwambia kwamba wao pia wamelewa unga wakati huohuo. Hicho ndicho hasa alichokuwa hataki kitokee.

Hapo inafaa tusimame kidogo. Mtu analia, na wasikilizaji wanasikia burudani. Msikilizaji yeyote anaweza kuteleza hapa, nami nikiwemo, kwa sababu wimbo mzuri una nguvu ya kufunika maneno yake. Sauti ya Staley ikipanda pamoja na ya Jerry Cantrell, mpiga gitaa aliyeimba naye, masikio yanafurahi kabla akili haijaelewa kinachosemwa. Lakini mtu akirudia jambo lilelile wimbo baada ya wimbo, albamu baada ya albamu, hiyo si sanaa tu. Ni habari yake.

Onyo la tatu lilikuwa kujitenga na kazi. Mwaka 1994, wakati Jar of Flies ikiwa imewapandisha kileleni, Alice in Chains walitakiwa kufanya ziara pamoja na bendi ya Metallica. Walijitoa dakika za mwisho, na bendi ikasimama kwa miezi kadhaa. Mwaka uliofuata walitoa albamu nyingine, nayo ikawa namba moja, lakini hawakufanya ziara ya kuitangaza. Angalia jinsi takwimu zilivyokuwa zikidanganya. Kwa kipimo cha chati, bendi ilikuwa katika kilele chake. Kwa kipimo cha mwanadamu, mwimbaji wake alikuwa akidhoofika.

Onyo la nne lilirekodiwa, na hadi leo unaweza kulitazama. Tarehe 10 Aprili 1996 bendi ilipiga muziki bila vyombo vya umeme kwa ajili ya televisheni ya MTV, katika ukumbi wa Brooklyn Academy of Music, New York. Lilikuwa onyesho lao la kwanza baada ya zaidi ya miaka miwili. Staley amekaa kitini, amekonda, amepauka, macho yamefichwa nyuma ya miwani ya giza. Katika wimbo mmoja anakosea mwanzoni na inabidi waanze upya. Sauti bado ni nzuri, na hadhira inashangilia. Albamu iliyotokana na usiku ule ilishika nafasi ya tatu kwenye chati. Miezi mitatu baada ya onyesho hilo, tarehe 3 Julai 1996, aliimba na bendi yake kwa mara ya mwisho mjini Kansas City, wakiitangulia jukwaani bendi ya Kiss.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo alifariki mwanamke aliyewahi kuwa mchumba wake, baada ya dawa kumzidia. Tangu hapo Staley alizidi kujifungia katika nyumba yake ya ghorofani huko Seattle. Mwaka 1998 alijitokeza kurekodi nyimbo mbili na wenzake, kisha akarudi kwenye ukimya. Marafiki walipiga simu, hakupokea. Walibisha hodi, mlango haukufunguliwa. Polepole wengi wakazoea, na kuzoea huko ndiko kulikokuwa hatari kuliko dalili zote zilizotangulia.

Tarehe 4 Aprili 2002, Mike Starr, mpiga besi wa zamani wa bendi, alikwenda kumtazama. Ilikuwa siku ya kuzaliwa kwake Starr. Alimkuta Staley mgonjwa sana, akataka kupiga simu ya dharura. Staley akamkataza: akipiga, urafiki wao utakuwa umekwisha. Starr hakupiga simu, akaondoka. Madaktari walikadiria kwamba Staley alifariki siku iliyofuata, tarehe 5 Aprili, kwa mchanganyiko wa heroini na kokeini. Ni tarehe ileile inayokadiriwa kuwa ya kifo cha Kurt Cobain, miaka minane nyuma.

Hakuna aliyejua. Zilipita wiki mbili. Walioshtuka kwanza hawakuwa mashabiki wala watu wa kampuni ya rekodi, bali wahasibu wake, waliogundua kwamba hakuna pesa iliyotolewa kwenye akaunti kwa muda mrefu. Habari ikamfikia mama yake. Mama akaenda pamoja na polisi, na tarehe 19 Aprili wakamkuta. Mtu ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika redioni dunia nzima alikaa maiti siku kumi na nne bila yeyote kuufungua mlango wake.

Mwaka 2010 Starr alisimulia habari hiyo kwenye televisheni, mama yake Staley akiwa amekaa naye, na akaomba msamaha. Mama hakumlaumu. Nasi hatuna haki ya kumlaumu. Starr alikuwa na uraibu wake, na alikuwa mbele ya rafiki anayemtishia kuvunja urafiki. Wangapi kati yetu tungeweza kusema, "Vunja, lakini simu napiga"? Starr naye alifariki Machi 2011, akiwa na miaka 44.

Sasa weka kando ya kisa hiki kisa cha Mike McCready, mpiga gitaa wa Pearl Jam. Alikuwa wa mji uleule na rika lilelile, na bendi yake ilivuma hata zaidi ya Alice in Chains. Naye alizama katika pombe na dawa. Mwaka 1994 alikubali kulazwa kwenye kituo cha tiba huko Minnesota, na huko akakutana na mpiga besi John Baker Saunders. Waliporudi Seattle waliunda bendi ya Mad Season pamoja na Staley na mpiga dramu Barrett Martin. McCready ameeleza wazi nia yake: alitumaini kwamba Staley, akikaa na wanamuziki walioacha, angefuata mfano wao. Albamu yao, Above, ilitoka Machi 1995 na bado inapendwa. Lakini mfano mwema peke yake haukutosha. Saunders alifariki Januari 1999 kwa heroini. Staley tumeona mwisho wake. McCready alianguka na kuinuka zaidi ya mara moja, lakini alirudi kwenye tiba, na leo anapiga gitaa na kusema hadharani juu ya uraibu ili wengine wapate moyo.

Siwezi kudai kwamba mmoja alipendwa na mwingine akaachwa. Staley alipendwa sana, na alipelekwa kutibiwa mara kadhaa. Uraibu ni ugonjwa, na kuna wagonjwa wanaofariki pamoja na juhudi zote. Lakini kuna jambo tunaloweza kulishika: kumshirikisha mgonjwa katika kazi si sawa na kumtibu, na kumheshimu hadi kumwacha peke yake si heshima.

Wala tusidhani haya ni ya Marekani tu. Pwani yetu, kuanzia Malindi na Mombasa hadi Tanga, Dar es Salaam na Unguja, inaujua unga vizuri mno. Tunawajua vijana waliokuwa mafundi, mabaharia, wachezaji na waimbaji hodari, ambao leo tunawaita mateja na kupita upande wa pili wa barabara. Nao pia walitoa dalili. Mmoja aliacha kula na wenzake. Alianza kuvaa mikono mirefu kwenye joto. Alikopa na hakulipa. Alianza kuzungumzia kifo kana kwamba ni mzaha. Na mara nyingi tulinyamaza kwa sababu bado alikuwa akifanya kazi nzuri, au akileta pesa nyumbani, au akiwa ndiye tegemeo la timu.

Basi tusidanganywe na mafanikio. Mtu anaweza kuwa namba moja huku anakufa. Anayesema anaumia, aaminiwe, hata kama amelisema kwa wimbo au kwa utani. Anayejitenga afuatwe, na mlango usipofunguliwa leo, kesho ugongwe tena. Anayekutishia kwamba ukimwitia msaada hatasema nawe tena, mwitie msaada. Urafiki uliovunjika unaweza kuungwa.

Na msaada upo. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa dawa ya methadoni kwa waathirika wa heroini mwaka 2011, na Kenya ikafuata. Soba hausi, yaani nyumba za kuwasaidia waraibu kuacha, zipo Zanzibar, bara na pwani ya Kenya, na nyingi zinaendeshwa na watu waliokwishaacha, wanaoijua arosto, yale mateso ya kukosa dawa, kwa miili yao. Hawashangai mtu, wala hawamcheki.

Tuendelee kubishana juu ya Nirvana na Pearl Jam. Muziki ule unastahili. Ila kama kuna jina limekujia akilini ulipokuwa ukisoma, jina la mtu ambaye hujamsikia kwa siku nyingi, mpigie leo. Asipopokea, nenda.