Je, Shoka la Mwenye Shida Lina Hatia?

Mama asiye na kuni akikata mti hifadhini, ametenda dhambi? Tusiharakishe kumhukumu, watoto hawawezi kula unga mbichi. Lakini tuutazame na msitu wenyewe. Hapa Rusizi tunao msitu mdogo wa Cyamudongo, sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe. Kati yake na Nyungwe kuna mashamba ya watu, hivyo sokwe wanaoishi humo wakikatiwa miti hawana pa kukimbilia. Sisi tunajua uchungu wa jambo hilo. Katika Nyungwe yenyewe, tembo wa mwisho aliuawa mwaka 1999. Hata mwindaji akitubu, tembo yule harudi.

Kumbukumbu la Torati 22:6-7 inamruhusu mtu kuchukua makinda kiotani, ila amwache mama yao aende. Mungu aliijua njaa yetu, na bado aliiwekea mpaka.

Basi mpaka huo tuulinde pamoja. Mwenye kuni leo amgawie jirani asiye nazo. Tukimwacha peke yake na shida yake, hatia ya shoka lake ni yetu pia.