Samaki Mwenye Radi na Samaki Asiye na Silaha

Mtoto aliyezaliwa Lubumbashi hufundishwa mapema kuogopa waya. Kabla hajajua kusoma, huonyeshwa kibao chenye fuvu la kichwa na mifupa miwili kwenye mlingoti wa umeme, naye huambiwa: usiguse, utakufa. Neno hilo hulishika. Tangu mwaka 1930, maji ya mto Lufira yalipoanza kugeuzwa umeme pale Mwadingusha, na zaidi tangu mwaka 1982, umeme wa Inga ulipofika Kolwezi kwa waya wa kilometa 1,700 hivi, watu wa nchi ya shaba wamejua kwamba nguvu ile hutumikia nyumba na migodi, lakini haichezewi.

Wachache tu hukumbuka kwamba Mwenyezi Mungu alikuwa ameweka umeme majini zamani sana, kabla mwanadamu hajajenga bwawa lo lote. Aliuweka ndani ya samaki.

Mmoja wao yumo katika mto Kongo na katika ziwa Tanganyika. Ni samaki wa jamaa ya kambale, mnene, hana magamba, ana ndevu mdomoni. Kiungo chake cha umeme kimemzunguka mwili chini ya ngozi, kama shati lililobana. Mvuvi amshikaye kwa mkono hurushwa nyuma na mkono wake hufa ganzi. Mkubwa wa aina hiyo aweza kutoa volti 350, na nyumba za Lubumbashi hutumia volti 220 tu! Lakini pigo lake ni la muda mfupi mno, mfupi kuliko kufumba jicho, na kwa sababu hiyo mtu hushtuka, huanguka, kisha huamka akiwa hai. Wamisri wa kale walimchonga ukutani katika kaburi la mkuu mmoja aitwaye Ti, huko Saqqara, yapata miaka 4,400 iliyopita. Waarabu wa Misri wamemwita kwa jina litokalo katika neno lao la ngurumo, na ni neno lilo hilo lililowapa Waswahili neno radi.

Baharini yuko mwingine. Watu wa pwani ya mashariki, toka Lamu hadi Unguja na Mafia, humwita taa samaki yule bapa kama sinia alalaye juu ya mchanga. (Jina ni moja na taa ya kuangazia, lakini msomaji wa Katanga asidhani kwamba samaki huyu hung'aa.) Katika jamaa kubwa ya taa wamo wenye umeme. Huyu hujifukia mchangani, macho yakibaki nje, akingoja samaki wadogo wapite. Ndipo huwafunika kwa mapezi yake na kuwapiga. Umeme wake hutoka katika viungo viwili, kimoja kila upande wa kichwa, ambamo vipande vidogo sana vya nyama vimepangwa kimoja juu ya kingine kama rundo la sarafu. Kila kipande hutoa nguvu kidogo, na rundo zima hutoa nguvu nyingi. Mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alipanga visahani vya madini, shaba au fedha pamoja na zinki, na kati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Ndivyo alivyopata betri ya kwanza, naye mwenyewe aliifananisha na kiungo cha samaki huyo. Basi, mwenye kununua betri ya redio sokoni ameshika mkononi mfano wa kazi ya Muumba.

Tazameni pia jinsi kila mmoja alivyopewa kipimo chake. Maji ya mto hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo kambale amepewa msukumo mkubwa wa kuyapenya. Maji ya chumvi huupitisha kwa urahisi, na taa wa baharini hahitaji volti nyingi kama hizo.

Tangu mwaka 1943, Wafaransa wawili, Cousteau na Gagnan, walipotengeneza chombo cha kupumulia kwa mitungi ya hewa, watu wengi wameweza kushuka chini ya bahari na kukaa huko kitambo. Wapiga mbizi hao hukutana na taa wa umeme mara kwa mara, na walio na adabu wamejifunza sheria zake: wasimguse, wasimfukuze, wasimzibie njia, wala wasiweke goti wala mkono juu ya mchanga pasipo kuutazama kwanza. Mtu apigwaye umeme chini ya maji mengi aweza kupotewa na akili kwa dakika moja, akaachia mdomoni kile kipande cha kuvutia hewa. Na huko chini dakika moja si jambo dogo. Lakini kwa kawaida taa hamwendei mtu. Akiachwa, hulala, akisumbuliwa, mara nyingi huondoka polepole. Ampigaye mara nyingi ni yule aliyemshika au kumkanyaga.

Hata hivyo sheria hiyo ina upande wa pili, ambao mpiga mbizi mwenye pupa hausahau mara moja tu bali kila mara. Samaki huyu akipiga tena na tena, nguvu humwishia, naye hupaswa kupumzika ndipo zirudi. Mtu amchokozaye kwa mchezo, ili apige picha au wenzake wacheke, humwacha bila chakula na bila ulinzi. Yeye hupanda juu, hurudi chomboni, hunywa chai. Samaki hubaki kule chini, na papa yupo.

Je, ni heshima gani hiyo itokayo kwa hofu ya kupigwa? Ni mwanzo wa heshima, wala haidharauliwi. Hata mtoto wa Lubumbashi alianza kwa kuogopa waya. Lakini samaki walio wengi hawana umeme wala sumu wala miiba. Huyo asiye na silaha, ni nani amlindaye?

Watu wa Luapula wanalijua jibu kwa uchungu. Katika mto huo na ziwa Mweru alikuwako samaki aitwaye mpumbu. Kila mwaka, mvua zilipoanza, makundi yake makubwa yalitoka ziwani yakapanda mto ili kutaga mayai. Kasenga palikuwa na wafanyabiashara, wengi wao Wagiriki, walionunua samaki, wakawapanga katika barafu, wakawapeleka kwa malori hadi Elisabethville, ndilo jina la Lubumbashi hadi mwaka 1966. Wafanyakazi wa migodi walipaswa kula, na fedha ilikuwa nzuri. Nyavu zikategwa katika njia ile ile ya mpumbu, mayai yakiwa bado tumboni. Mwishoni mwa miaka ya 1940 makundi yakaanguka, na mpumbu hajarudi tena kwa wingi wake wa kwanza. Asilaumiwe mvuvi peke yake, wala mwenye lori peke yake. Mji mzima ulikula.

Mpumbu hakumpiga mtu ye yote. Kama angalikuwa na umeme wa volti 350, huenda wazee wangewasimulia wajukuu habari za ukali wake, na wajukuu wangemwona mtoni hata leo.

Wako wanaosema kwamba Mungu alimpa Adamu samaki wa bahari awatawale, na kwamba neno hilo latosha. Ni kweli alimpa. Lakini samaki wale wale walikuwa wamekwisha kubarikiwa siku ya tano, wakaamriwa kuzaana na kuyajaza maji, kabla Adamu hajaumbwa. Atawalaye kwa kuiondoa baraka ya Mungu hatawali kwa niaba ya Mungu. Na katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia alipotishwa na samaki mkubwa katika mto Tigri, malaika Rafaeli alimwambia amkamate. Alimkamata, akatwaa nyongo iliyoponya macho ya baba yake, na nyama ikamfaa safarini. Alimkamata mmoja. Haisemwi kwamba alirudi na wavu kuukausha mto.

Mwaka 2015, katika barua yake Laudato Si', Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba viumbe vina thamani yao mbele ya Mungu, mbali na faida ambayo mtu hupata kwao. Akawataja hata wanaovua kwa sumu na kwa baruti. Pwani ya Tanzania iliumizwa na baruti hiyo kwa miaka mingi. Mbele ya baruti umeme wa taa si kitu. Hufa pamoja na wadogo wote waliomzunguka. Katika mito na maziwa ya ndani ni chandarua cha mbu kinachofanya kazi hiyo pole pole, kikikusanya vifaranga vyembamba kama sindano, ambavyo vikikauka havijazi kiganja.

Huko Mweru na Luapula, upande wa Zambia, uvuvi hufungwa kila mwaka toka tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wapate kutaga. Na kuna miaka ambayo Jumatano ya Majivu huangukia Februari, kabla maji hayajafunguliwa. Mkristu hujinyima nyama kama Kanisa linavyoagiza, naye hutafuta samaki. Hapo sokoni, mama wa nyumba ashikapo kikapu chake aweza kumwuliza muuzaji mambo mawili: samaki hawa walivuliwa lini, na kwa wavu gani? Pengine muuzaji hatajua la kujibu siku hiyo. Akiulizwa tena Ijumaa ya pili, na ya tatu, na wanawake wengine, atakwenda naye kumwuliza mvuvi.