Kusamehe Usichokidai

Hapa Munje mtu akidhulumiwa, neno la kwanza mdomoni ni "namwachia Mungu". Agosti 2025 nililisikia kwa mpwa wangu, aliporudi kutoka Nairobi bila kuiona mechi aliyoifuata. Alinunua tiketi ya mashindano ya soka ya CHAN, Kenya na Morocco, kwa kijana mmoja wa Ukunda. Alichotumiwa kwenye simu ni picha ya ule mraba wa vidoti unaosomwa langoni. Mashine ikaukataa. Kenya ilishinda 1-0 naye yuko nje ya uwanja wa Kasarani, akisikiliza kelele.

"Mjomba, namwachia Mungu," aliniambia.

Mimi siamini kwamba huko ni kusamehe. Anayesamehe huachilia kitu alichokishika. Mpwa wangu hakuwa ameshika kitu, kwa kuwa hakujua ana haki gani. Alikuwa amechoka tu, na anaona haya kumdai mtu wanayeswali naye safu moja. Tena tulifundishwa tangu chuoni kwamba dhambi baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba, lakini haki ya mja hubaki shingoni mwa aliyeichukua mpaka airudishe au asamehewe na mwenyewe. Basi kumnyamazia tapeli ni kumwacha na mzigo huo mpaka Kiyama. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, hakupita kimya. Alimuuliza muuzaji pale pale.

Babake kijana alikuja kwangu na kanzu yake ya Ijumaa, mtu mwema, akasema sisi sote Waislamu, tulimalize kwa Kadhi. Nilimweleza kwa heshima kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Tiketi haimo. Iko njia ya polisi: kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake hadi miaka 3. Lakini ukifika huko kesi ni ya Jamhuri, si yako tena, na msamaha wako peke yake hauna nguvu ya kuifuta. Ndiyo maana nilimshauri mpwa wangu aanzie Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Ushahidi alikuwa nao: ujumbe wa M-Pesa wenye jina la aliyepokea, na maneno yote waliyoandikiana.

Kuna waliosema tunamwonea mtoto wa watu kwa pesa kidogo. Nawajibu kwamba kijana huyu, akiachwa, atamuuzia mwingine mechi ijayo. Na huyo mwingine ndiye atakayelipia ukarimu wetu.

Tuliandika barua ya madai tukaweka tarehe. Kabla tarehe hiyo haijafika, kijana alikuja na babake, akarudisha pesa za tiketi. Ndipo mpwa wangu akataja nauli ya basi, kwenda na kurudi, akamwambia angeweza kuidai nayo, kisha akamsamehe.