Mgeni Mpe Jembe: Juu ya Mwalimu Anayeanza Kazi

Wahenga walisema, Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Neno hili twapenda kulitumia kumwonya mgeni asikae bure. Lakini ni mara chache tunapouliza lamdai nini mwenyeji. Kwa maana wahenga hawakusema mgeni akatafute jembe, walisema apewe. Naye ampaye jembe hana budi kumwonyesha na mpaka wa shamba, la sivyo mgeni atalima la jirani na kuingia katika kesi.

Tumfikirie, wasomaji wapenzi, mwalimu kijana aliyepangiwa kazi katika shule moja ya huku Mwaya. Ametoka mbali, labda Singida, ambako nchi ni kavu. Ashuka garini Kyela katika mvua za Aprili. Mashamba ya mpunga yamejaa maji, na njia ni tope tupu. Kinyakyusa hajui hata salamu. Chumba hana, mshahara wa kwanza haujafika, na kesho asubuhi yampasa kusimama mbele ya darasa lililojaa watoto. Vyeti vyake ni vizuri. Lakini cheti hakimwambii posho ya kujikimu ikichelewa aandike barua kwa nani, wala afanye nini watoto wanapopungua darasani kwa sababu wamekwenda kuamia ndege.

Basi, walimu wa nchi hii wana chama chao. Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliunganishwa kuwa kimoja, NUTA, na walimu wakawa humo pamoja na wengine. Chama cha Walimu Tanzania kiliandikishwa mwaka 1993. Ada ya mwanachama imejulikana siku nyingi kuwa asilimia 2 ya mshahara. Tena sheria ya kazi ya mwaka 2004 yaruhusu chama kinachowakilisha walio wengi kupokea ada ya uwakala hata kwa asiye mwanachama, kwa kuwa naye hufaidi mapatano yanayofanywa. Mwisho wa Julai 2012 walimu waligoma wakidai nyongeza ya mshahara na posho ya mazingira magumu, mpaka Mahakama ilipowazuia mwanzo wa Agosti. Mambo hayo makubwa wengi wayajua. Mimi nauliza jambo dogo, lililo karibu zaidi: kumsaidia mwalimu mpya ni hisani ya chama, au ni deni?

Wako wasemao ni hisani tu. Husema, “Sisi tulipoanza hatukusaidiwa na mtu, na tulipona. Huyu hajachanga kitu bado.” Maneno haya yana sauti ya haki, lakini tuyapime. Kwanza, aliyevuka mto peke yake akapona hakuthibitisha ya kuwa daraja halifai. Amethibitisha tu kwamba yeye hakuzama. Waliozama hawapo hapa kutoa ushuhuda wao: wameacha kazi, au wamebaki darasani miili mitupu. Pili, si kweli kwamba mgeni hatachanga. Sheria yaruhusu akatwe hata asipojiunga. Mtu akikatwa fedha yake kabla hajaulizwa, anayeipokea ameingia katika deni siku ile ile. Hawezi kusema, “Subiri kwanza nikujue.”

Wengine husema hii ni kazi ya mwajiri na ya mwalimu mkuu. Ni kweli, nao wasiachiliwe. Lakini angalia jambo hili. Mtumishi mpya wa serikali huwekwa katika majaribio miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini, na mwalimu mkuu ndiye atakayetoa neno juu yake. Sasa, ni kijana gani atakayemwendea mtu huyo na kusema, “Bwana, darasa limenishinda”? Ataficha udhaifu wake mpaka uwe mazoea. Mgonjwa hamfichi mganga jeraha lake, lakini mshtakiwa humficha hakimu mengi. Ndiyo sababu yahitajika mwenzi asiye hakimu, aliyefundisha miaka mingi, wala hana kalamu ya kumhukumu. Mapendekezo juu ya hali ya walimu, yaliyokubaliwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966, yasema vivyo hivyo: muda wa majaribio uwe wakati wa kumtia moyo mwalimu mpya na kumwingiza vema katika kazi yake. Mtu huyo hapana mahali pafaapo kumpata kuliko katika tawi la chama shuleni.

Tena wako waogopao kwamba msaada utamlea mvivu. Hofu hii si ya bure. Chama kikimtetea mwalimu asiyeingia darasani, kimemwibia mtoto, na mtoto hana chama. Basi msaada wa kweli una sehemu mbili: kumsimamia mwenzako anapoonewa, na kumwambia kweli anapokosa. Anayefanya la kwanza tu ni mpambe. Anayefanya la pili tu ni mkaguzi. Anayefanya yote mawili ndiye ndugu.

Sisi wa pwani hii ya Ziwa Nyasa tusione jambo hili kuwa geni. Bibi Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa Kinyakyusa walivyokuwa wakijenga kijiji chao, marika pamoja, wakila na kuzungumza pamoja. Na wakati ulipofika, wazee waliwakabidhi nchi wakajitenga kando. Ujirani mwema wa namna ile uliitwa ukwangala. Lakini mlango wa kijiji kile ulikuwa ni rika lako. Mwalimu atokaye Singida hana rika Mwaya. Chama chapaswa kuwa kijiji ambacho mtu huingia kwa kazi yake, si kwa kuzaliwa kwake.

Na matendo yake si makubwa. Mmoja amtafutie chumba kabla hajafika. Mmoja amfundishe salamu za wazee na majina ya vitongoji. Mmoja akae nyuma ya darasa lake, kisha wazungumze faraghani. Mmoja amsaidie kuandika madai yake na kutunza nakala ya kila karatasi, kwa maana dai lisilo na karatasi ni hadithi tu. Nasi wazazi tusimpandishie kodi kwa sababu ni mgeni.

Mgeni naye ana deni lake. Aulize asione haya. Ahudhurie mikutano hata siku isiyo na malalamiko yake. Na mwaka wa pili, gari litakapomshusha mwingine katika tope, yeye ndiye awe wa kwanza kumpokea mzigo. Kwa njia hiyo deni halilipwi kwa aliyekukopesha, bali kwa yule ajaye baada yako. Deni la namna hii haliishi, wala si vizuri liishe.

Basi, ndugu zangu walimu wa zamani, tumpe mgeni jembe; lakini twende naye mpaka shambani.