Sauti ni Amana

Mali iko ya namna mbili: ile aimilikiyo mtu na ile awekewayo. Ya kwanza aweza kuiuza, kuigawa au hata kuipoteza, na hasara ikawa yake. Ya pili ni amana, na mwenye kuipokea hana uhuru nayo ila wa kuitunza na kuirejesha. Je, sauti ya mwimbaji, ikishanaswa na mashine, huwa mali ya aliyeinasa, ama hubaki amana mikononi mwake? Na ikiwa ni amana, je, hata uteuzi wa mashine yenyewe haugeuki kuwa jambo la maadili?

Visiwani swali hili si geni. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walisafiri hadi Bombay, wakaimba mbele ya mashine za kampuni ya gramafoni, na sauti zao zikarudi Unguja zikiwa katika santuri. Santuri zile zilimtangaza Siti katika mwambao wote wa Afrika Mashariki. Lakini mashine na utaalamu vilikuwa vya kampuni, wala mwimbaji hakuwa na la kuamua juu yake. Siku zile mwimbaji ndiye aliyeifuata mashine ng'ambo. Leo mashine ndiyo imfuatayo mwimbaji hadi mlangoni pake, na hiari imemrudia. Na palipo na hiari ndipo penye dhima.

Mfano na uchukuliwe mbali na bahari. Kawetele ni kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, katika nchi ya mvua nyingi, migomba na chai, karibu na mlima Rungwe ambao kilele chake kinakaribia mita 3,000. Wamoravia walifika Rungwe mwaka 1891, na tangu hapo nyimbo za kanisani zimekaa ujirani na ngoma za Wanyakyusa. Na ichukuliwe kwamba kwaya ya mahali hapo, yenye waimbaji 40, imechanga fedha ikapata kompyuta yenye mfumo wa Linux, ambao hautozwi ada. Sasa inatafuta kadi ya sauti, yaani kile kisanduku kinachopokea maikrofoni upande mmoja na kuipa kompyuta tarakimu upande wa pili. Ichague ipi?

Swali la kwanza ni la idadi. Sauti nne za kwaya zikipewa maikrofoni mbili mbili ni nane, ngoma tatu, magitaa matatu, kinanda kina njia mbili, kushoto na kulia, na mbili nyingine ni za kunasa ukumbi wenyewe, pamoja na mwangwi wake na mvua juu ya bati. Jumla ni njia 18. Hapo mnunuzi hukabiliwa na fumbo la hesabu. Kisanduku kama Scarlett 18i20 cha Focusrite kina njia 18 za kuingizia sauti, na hilo ni kweli. Ila matundu yake ya maikrofoni ni manane. Nane nyingine hupitia waya wa mwanga uitwao ADAT, unaohitaji kisanduku cha pili cha kuulisha, na mbili zilizobaki ni za kupokea tarakimu kutoka chombo kingine. Waya huo nao hubeba njia nane iwapo sauti hupimwa mara 48,000 kwa sekunde. Ikipimwa mara 96,000, hubeba nne tu. Hakuna aliyedanganya. Hata hivyo, asiyejua kuhesabu matundu atanunua idadi badala ya uwezo.

Wako wanaoshauri kununua visanduku viwili vya bei nafuu na kuviunganisha. Lakini kila kisanduku kina saa yake ya ndani, na saa mbili zisizofungamanishwa hazipatani daima. Zikihitilafiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, baada ya saa nzima ya kurekodi zitakuwa zimeachana kwa sekunde 0.18, kiasi cha kutosha kuitenga ngoma na mguu wa mchezaji. Ndiyo maana visanduku vikiwa vingi havina budi kufuata saa ya kimoja, kama kwaya ifuatavyo mkono wa mwalimu.

Ama kuhusu maadili, uwezo wa kutenganisha sauti una neema yake na hatari yake. Njia 18 zikihifadhiwa kila moja peke yake, mjukuu ataweza kuisikiliza besi ya babu yake pasipo kufunikwa na kinanda. Lakini fundi naye ataweza kuinyamazisha maikrofoni iliyo karibu na bibi mwenye sauti ya mkwaruzo, akamnyoosha aliyepinda, akamwongeza anayempenda, hata kwaya ikatoka safi kuliko ilivyo. Maikrofoni mbili za ukumbini hazimpi mtu mamlaka kama hayo, kwani huwapokea waimbaji kama walivyosikika kwa aliyekuwapo. Kwa hiyo haifai kusema kwamba njia nyingi ni ubora na njia chache ni umaskini. Kila njia inapoongezeka, amana nayo huwa nzito zaidi. Na zile mbili za ukumbi hazina budi kubaki bila kuguswa, ziwe shahidi juu ya yote atakayoyafanya fundi.

Swali la pili ni la mkalimani. Kadi ya sauti na kompyuta havizungumzi vyenyewe kwa vyenyewe. Baina yao husimama programu iitwayo kiendeshi. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, na leseni yake inamruhusu kila mtu kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuugawa. Watengenezaji wengi, hata hivyo, huandika mkalimani kwa ajili ya Windows na kompyuta za Apple peke yake, na maandishi yake huyaficha. Siku kampuni itakapochoka, kisanduku kitabaki kizima lakini lugha yake itakuwa imekufa. Hilo si jambo la kubuni. Kadi nyingi za sauti zilizotengenezwa katika miaka ya 2000 zilitumia waya wa FireWire; mwaka 2025 Apple iliuondoa waya huo katika toleo jipya la mfumo wake, ilhali Linux ingali inavielewa vingi kati ya visanduku hivyo vya zamani.

Njia ya salama zaidi ni kutafuta kisanduku kinachofuata kanuni ya pamoja ya sauti kupitia USB, ambayo toleo lake la pili lilitolewa mwaka 2006. Kisanduku cha namna hiyo hakihitaji mkalimani wake binafsi. Kipimo chepesi ni hiki: kikifanya kazi na iPad bila kuwekewa programu yoyote, aghalabu kitafanya kazi na Linux pia. Meza ya kuchanganyia sauti ya Behringer X32, kwa mfano, hupeleka njia 32 katika kompyuta kwa waya mmoja wa USB. Na njia 32 kwa saa moja, kila kipimo kikiwa cha biti 24 na vipimo 48,000 kwa sekunde, hujaza takribani gigabaiti 16.6. Lakini tahadhari inahitajika. Viko visanduku vinavyosikika katika Linux ilhali vitufe vyake vya ndani hufunguliwa kwa programu ya mtengenezaji pekee. Mwenye kisanduku hicho ni kama mwenye nyumba ambaye ufunguo wa chumba kimoja umebaki kwa muuzaji.

Patakuwa na wa kupinga. Atauliza: ni nani huko Kawetele atakayeusoma msimbo wa Linux? Uwazi usio na msomaji una faida gani? Jibu ni kwamba si kila anywaye maji ya kisima huchimba kisima. Anachohitaji ni kisima kisichofungwa kwa kufuli ya mtu mmoja, ili kikiziba apatikane wa kukizibua, awe wa Mbeya, wa Unguja au wa ng'ambo. Vitufe vya ndani vya baadhi ya visanduku vya Scarlett vilianza kupatikana katika kiini cha Linux mwaka 2019 kwa juhudi za mtu aliyekuwa nje ya kampuni. Hakuitwa na kwaya yoyote, ila kazi yake yaweza kuzifaa zote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, wala halipuuziki. Mzee aliyebaki peke yake na wimbo fulani hawezi kuambiwa asubiri hadi mfumo huru utengemae. Fundi aliye karibu akiwa anajua programu ya kununua tu, na mzee akiwa mgonjwa, mwenye kushikilia kanuni hadi sauti ikafa atakuwa ameipoteza amana kwa jina la kuilinda. Kwa hiyo wajibu una daraja zake. La kwanza ni sauti inaswe. La pili ni ihifadhiwe katika umbo ambalo yeyote aweza kulifungua, kama faili za WAV, kila njia peke yake, badala ya kuachwa ndani ya faili la kazi lisilofunguka ila kwa programu moja. La tatu ndilo kuwa na mashine iliyo huru. Kuazima mashine si kosa, mradi kilichohifadhiwa kisirudi na mashine kwa mwenyewe.

Na mali bila daftari huisha bila habari. Njia 18 zisizo na majina ni kelele 18. Hazina budi kuandikiwa nani aliimba wapi, siku gani, na kwa ridhaa ipi. Kazi hiyo haihitaji Linux wala Windows, bali kalamu. Basi kabla kwaya ya Kawetele haijauliza kisanduku kina matundu mangapi, na waulizane wenyewe ni nani atakayeruhusiwa kuifungua njia ya mtu mmoja akaisikiliza peke yake, na ni nani atakayeruhusiwa kuizima; kisha jibu liandikwe katika daftari hilohilo, ukurasa wa kwanza.