Dawa ya Moto ni Moto?

Katika filamu ya John Wick, iliyotoka mwaka 2014, mtoto wa jambazi mkubwa anavamia nyumba ya mgane mmoja, anaiba gari lake na kumwua mbwa mdogo aliyeachiwa na marehemu mkewe. Mgane huyo anafukua silaha alizozizika, na watu wanaanguka mpaka mtazamaji anachoka kuhesabu. Niliitazama hapa Nchelenge katika kibanda cha video, na kibanda kizima kilishangilia. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Je, ni kweli?

Kisasi cha filamu kinapendeza kwa sababu hesabu yake inaanzia siku mbwa alipouawa. Kabla ya hapo hakuna deni, na wanaouawa baadaye hawana mama wa kuwalilia. Hata hivyo, filamu hiyo imezaa nyingine kadhaa, maana kila aliyeuawa anaacha mtu wa kumdai.

Ng'ambo ya Ziwa Mweru, nchini Kongo, hesabu si rahisi hivyo. Kaskazini zaidi, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Tanganyika, Watwa na Waluba wamepigana tangu mwaka 2013. Mtwa anaanza kuhesabu tangu enzi za kudharauliwa na kulima mashamba ya wengine kwa ujira mdogo. Mluba anaanza siku kijiji chake kilipochomwa. Aprili 2015 wanamgambo wa Kiluba walishambulia kambi ya Watwa waliokimbia makwao, karibu na mji wa Nyunzu, wakaua watu wasiopungua 30. Kwa waliosalia, hesabu mpya ikaanzia hapo. Kila upande una ushahidi, na kila upande unaamini kwamba unalipa tu.

Wengine watasema dawa ni kusamehe. Sipingi msamaha, lakini naona ugumu wake tukitazama uvuvi wetu. Kila mwaka, upande wa Zambia, ziwa hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Mvuvi akiacha peke yake, jirani atavua samaki wale wale, naye ataonekana mjinga. Wote wakiacha siku moja, na kukawa na mlinzi asiye na wavu majini, kuacha kunakuwa busara. Kisasi nacho ni hivyo hivyo. Anayekiacha peke yake anaogopa kuuawa kesho, wala woga huo si dhambi. Kabla ya kumdai moyo mwema, tumpe mwamuzi ambaye si ndugu wa upande wowote.

Mwamuzi huyo alijaribiwa. Mwaka 2015 kesi ilifunguliwa Lubumbashi dhidi ya washtakiwa 34 kutoka pande zote mbili. Lakini mwishoni mwa 2016 mapigano yalipamba moto tena. Mwaka uliofuata maelfu ya watu walivuka mpaka wakaingia wilayani kwetu, na Januari 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yakafunguliwa. Je, mahakama haina maana? Nadhani inatufundisha kwamba hukumu bila ardhi na heshima ni sawa na kufunga ziwa bila kumpa mvuvi chakula cha miezi mitatu. Atarudi majini usiku.

Kwa hiyo moto hauzimwi kwa moto, wala hauzimwi kwa mawaidha matupu. Unahitaji mambo matatu kwa pamoja: siku moja ya kuacha, mlinzi anayeaminiwa na wote, na kitu cha kuishi nacho anayeacha. Mantapala wakimbizi walipewa viwanja vya kulima. Ni jambo dogo, lakini kijana mwenye mahindi yanayosubiri kuvunwa ana sababu ya kuanza kuhesabu kutoka msimu huu, badala ya kuanzia siku ile baba yake alipouawa.