Mkwaruzo wa Sakafu

Katika vijiji vinavyoteremka kutoka milima ya Mbinga hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, Tingi ikiwemo, sakafu ya mbao ni mgeni. Iliyozoeleka ni ya saruji, au ya udongo ulioshindiliwa. Hiyo ya udongo ikichubuka haimtaabishi mtu: mwenye nyumba hukoroga udongo mwingine akaisiriba upya. Hapana amwulizaye kama amedanganya, maadamu udongo uliomo na uongezwao ni mmoja.

Ubao hauna msamaha huo. Mninga, mti wa misitu ya miombo ya huko kusini, hukua kwa miongo mingi kabla ya kufaa kupasuliwa. Gome lake likichanjwa hutoa utomvu mwekundu mfano wa damu. Ukishakuwa sakafu, haumei tena.

Basi kiti kikiburutwa na kuacha mstari, fundi hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza si gumu. Hupitisha ukucha: usiponasa, aghalabu jeraha ni la vanishi tu. Hudondosha tone la maji. Mstari mweupe ukipotea, mpako mwembamba wa vanishi huenda ukatosha. Ukucha ukinasa, hujaza nta yenye rangi inayokaribiana na ya mbao, kisha hufuta ziada. Akilazimika kutumia msasa, hufuata nyuzi za ubao. Kuzikata ni kuzidisha mikwaruzo kwa kisingizio cha kuiondoa.

Swali la pili ndilo zito: je, kila mkwaruzo unadai kuondolewa? Wapo wasiostahimili hata mstari mmoja, nao huamuru sakafu nzima ipigwe msasa. Hung'aa, kweli. Ila ubao umepungua unene, na sakafu hustahimili kazi hiyo mara chache tu. Gharama huachiwa mrithi ambaye hakuulizwa. Usafi wa namna hii, ijapokuwa husifiwa sana na wageni wanaoingia ukumbini, una ubinafsi ndani yake.

Na nta je, si uongo? Kwa mwenye kuishi na sakafu yake, hapana. Anajua ilipo, nayo huzuia uchafu na unyevu. Hukumu hubadilika siku nyumba inapouzwa. Fiqhi ya biashara, inayojulikana vyema visiwani na mwambao mzima, humpa mnunuzi hiari ya kurejesha kitu alichofichwa aibu yake. Na aibu ni ile ipunguzayo thamani kwa ada ya wafanya biashara. Mstari wa kiti haufiki huko. Lakini nta ileile, kwa rangi ileile na mkono uleule, yaweza kuziba tundu la mchwa waliokwisha kula ubao kwa chini. Tundu hilo muuzaji anawajibika kulitaja hata asipoulizwa, tena kabla ya kukubaliana bei.